Mtoto wa Paa kwenye Njia ya Ngiri

Zamani, msitu mzima ulipokuwa na njia moja tu ya kwenda mtoni, Paa alizaa mtoto wake wa kwanza, akaanza kuogopa kila kitu, chui, mwewe, hata jani likianguka anashtuka. Akamfundisha mtoto neno moja asubuhi na jioni: "Ukisikia kelele, lala hapo hapo ulipo, usitikisike." Chui akapita karibu mara mbili, asimwone.

Sasa Ngiri na wenzake walipenda kukimbia kwenye njia ile, mikia juu, vumbi mpaka matawini, basi tu, kwa raha zao. Paa akamwendea.

"Kaka Ngiri, na sisi wenye watoto tunapita hapa."

"Njia ni ya wote, dada, nani kakufukuza?" Ngiri akasema. "Tufanye hivi. Tukikaribia kona tutapiga kelele, anayesikia apishe."

Paa akaona ni haki, akashukuru, na siku hiyo akapata usingizi, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Kesho yake alikuwa njiani, mtoto nyuma yake, wanakwenda kunywa maji. Ngiri walipokaribia kona wakapiga kelele kama walivyoahidi. Paa akaruka pembeni. Mtoto akalala katikati ya njia, hakutikisika.

Vumbi lilipotulia Ngiri akarudi, mkia chini.

"Tulipiga kelele, dada. Naapa tulipiga."

"Mlipiga, kaka," Paa akasema, "naye alisikia. Mwanangu alikuwa msikivu."