Barafu ya Fukuyama

Walipita vibanda vitatu vya barafu ya kusagwa yenye shira bila kusimama, ingawa jua la saa nane lilikuwa linawachoma utosini na Natsuyo ameshaanza kulalamikia miguu yake.

"Wifi, barafu ni barafu tu. Mwaka huu tukae hapa hapa."

"Mbele kuna kivuli," Fumie alisema.

Mbele hapakuwa na kivuli. Palikuwa na njia ile ile ya hekalu, taa za karatasi zinazoning'inia bila kutikisika, watoto waliovaa kimono za pamba, na nyenze wakilia mitini kana kwamba wanalipwa.

Kila kiangazi mawifi hawa wawili walimwacha bibi mzee, mama yake Natsuyo, kwa jirani, wakapanda treni kutoka Okayama hadi Fukuyama, wakazunguka kwenye sikukuu ya mtaa mmoja, wakarudi kabla ya chakula cha jioni. Majirani waliwasifu. Afadhali watoke kidogo, walisema, nyumba ile ina huzuni nzito.

Huzuni yenyewe ilikuwa Kunihiro, mume wa Fumie na kaka yake Natsuyo. Asubuhi moja ya mvua alivaa tai, akaaga, akaenda kazini. Kazini hakufika. Picha yake ilibandikwa kwenye vituo vya treni mpaka ikapauka. Mara mbili polisi walimwita Fumie akatazame maiti iliyoopolewa mtoni, na mara mbili alitikisa kichwa. Mara ile ya pili alishangaa kuona moyo wake haukwenda mbio. Tangu hapo haukuenda mbio tena kwa jambo lolote.

Mwezi wa nane, roho za wafu zinaporudi majumbani, bibi mzee alikuwa na swali moja tu. "Nimwashie taa mwanangu? Au nikimwashia ndiyo nitakuwa nimemuua?"

Sasa miaka saba ilikuwa imetimia, na sheria humruhusu mke kuomba mume aliyepotea ahesabiwe amekufa. Fumie alikuwa ameomba. Kesho yake afisa wa mahakama ya familia angekuja nyumbani kuwahoji.

Walikuwa wamelizungumza jambo hilo kwenye treni, wakati wa kwenda.

"Mama atalia," Natsuyo alisema.

"Atalia mara moja yaishe. Sasa analia kila jioni mlango wa jirani ukifunguliwa."

"Lakini wifi, kutamka mbele ya mtu wa mahakama kwamba..."

"Natsuyo. Mtu aliyechoka, mwache apumzike."

Natsuyo akajipepea mpaka wakafika.

Kibanda cha mwisho kilisimama peke yake, karibu na ukuta wa hekalu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mikono imemlowa mpaka kwenye viwiko, sauti yake inasikika kabla hujamwona.

"Jamani, dada zangu! Mmeiva kama kaa wa kuchemsha! Kaeni, kaeni. Niwape ya nini?"

"Ya chai ya kijani," Fumie alisema. "Huyu ya stroberi."

Nyuma ya mwanamke, mwanamume mwenye taulo kichwani na ndevu za kijivu alizungusha mkono wa mashine. Barafu ilidondoka bakulini laini kama unga. Hakuinua uso. La Natsuyo alilimiminia shira mpaka barafu ikaogelea. La Fumie alilidondoshea kidogo tu, akaacha.

"Wewe baba! Shira gani hiyo, machozi ya panya?" mwanamke alifoka. "Wateja watatuita wachoyo."

"Inatosha," Fumie alisema. "Sipendi tamu sana."

Mwanamke akaangua kicheko. "Basi bahili wangu leo kampata wa kumtetea!"

Walikaa kwenye benchi. Natsuyo alikula haraka haraka, macho bakulini, na alipomaliza alijifuta uso kwa leso.

"Baridi imenipanda kichwani," alisema.

"Pole."

Fumie alikula polepole. Kwanza ulimi ulikufa ganzi, halafu midomo. Haikumsumbua. Alimtazama mwanamke wa kibanda akimvua mwanamume taulo lililolowa, akamfunga jingine kavu huku akimgombeza kwa kutokunywa maji. Mwanamume aliinamisha kichwa akafungwa. Fumie alitazama mpaka bakuli likaisha, akasubiri kuona kama kuna kitu kitamchoma ndani. Hakuna kilichomchoma.

Alirudisha mabakuli yeye mwenyewe.

"Mwakani tena, dada!" mwanamke alimwambia.

"Asante kwa kazi yako," Fumie alisema, akainama mbele yake kwa muda mrefu kuliko inavyostahili barafu ya watu wawili.

Kwenye treni ya kurudi mashamba ya mpunga yalipita dirishani, kisha nyumba, kisha mashamba tena. Mkabala nao msichana wa shule alikuwa amelala mdomo wazi.

"Kesho wakiniuliza," Natsuyo alisema hatimaye, "nitawaambia hatujamwona tangu siku ile."

"Haya."

"Na mama nitamwambia mimi mwenyewe."

"Haya."

Treni iliingia kwenye handaki, ikatoka. Natsuyo aliikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ila kaka amekonda, wifi."

"Mwaka jana alikuwa amekonda zaidi," Fumie alisema.