Kabla Acayo Hajatandika Godoro

Baba Acayo aliweka tarumbeta mdomoni akapuliza, lakini kilichotoka ni pumzi na mate tu. Midomo yake ilikuwa ikitafuna hewa yenyewe. Akaibana kwa vidole. Alipoiachia, ikaanza tena.

"Wacha dawa leo," mkewe alimwomba, kidonge kikiwa kiganjani mwake. "Nesi amesema hii ni ya wagonjwa wa akili, si ya usingizi. Ukiacha sasa, mdomo unaweza kupona. Ukiendelea, unaweza kubaki hivyo."

"Na nikiacha, nitalala?"

Mkewe alikifumbata kidonge. Tangu vita viishe, mumewe alikuwa akikurupuka usingizini na kupigana na watu ambao hawakuwapo. Safari moja aliyemshika alikuwa binti yao, akamvunja mkono. Mtoto alihamia kwa jirani, hapo hapo kwenye kambi ya polisi ya Nsambya, mpaka vidonge vilipopatikana.

"Bendi ya polisi itakufukuza," mkewe alisema. "Kazi gani nyingine unajua?"

Acayo aliingia akitoka kucheza, akasimama kando ya godoro lake lililokunjwa nyuma ya mlango. Mkono wake uliunga, lakini ulibaki umepinda.

"Baba, umekunywa dawa?"

Baba Acayo alichukua kidonge kutoka kiganjani mwa mkewe, akakimeza bila maji.

"Nimekunywa, mama."

Acayo akalikunjua godoro lake karibu na kitanda cha wazazi, akajilaza.

"Haya, sasa nipigie kwa tarumbeta ule wimbo wa kunilaza."