Tangi na Mabomba Mawili

“Tatu ya kumi na mbili,” Tinuk alijibu upande wa pili wa ukuta.

Bu Wuryani alifumba macho, ingawa katika giza lile kufumba na kufumbua vilikuwa kitu kimoja. “Moja ya nne jumlisha mbili ya nane ikupe tatu ya kumi na mbili? Umejumlisha asili na asili tena. Nimekukataza mara ngapi?”

“Nimesahau, Mwalimu.”

“Basi anza upya. Na uongee kwa sauti, nikusikie.”

Ardhi ilikuwa imetikisika baada ya kengele ya mwisho. Watoto wote wa darasa la sita walikuwa wameshakwenda zao. Alibaki Tinuk peke yake, tena kwa sababu Bu Wuryani ndiye aliyembakiza: sehemu zilikuwa zimemshinda tena, na mtihani ulikuwa mlangoni. Mwalimu alikuwa ameingia chumba cha jirani kuchukua chaki, mara shule yote ya Sumberwaru ikashuka chini. Sasa boriti ilikuwa imemlalia mapajani, na mtoto wa watu alikuwa huko, nyuma ya ukuta ulioinama, wakiwa wameachiwa ufa usiopitisha chochote ila sauti.

Mwanzoni mtoto alilia tu. Alimwita mama yake, akaomba maji, akasema mkono unamuuma, akasema amechoka, anataka kulala. Hilo la kulala ndilo lililomtia Bu Wuryani hofu. Akaanza kumtungia hesabu moja baada ya nyingine: treni ya kutoka Solo inayokutana na ya kutoka Surabaya, shamba la mpunga la kugawana ndugu watatu. Chochote, ilimradi asinyamaze.

Kisha usingizi ukamchukua yeye mwenyewe.

Alipozinduka aliita. Kimya. Akaita mpaka sauti ikamkauka, akagonga ukuta kwa kipande cha tofali, akamwomba Mungu achukue miguu yake yote miwili, amwachie mtoto.

“Nipo, Mwalimu.” Sauti ilikuja baada ya muda mrefu sana. “Nilisinzia.”

“Usinifanyie hivyo tena, we mtoto! Na mbona unasikika kama uko juu?”

“Nimejivuta kidogo. Huku kuna nafasi.” Akaongeza, “Nipe hesabu nyingine.”

Tangu hapo Tinuk hakulia tena. Hakumtaja mama yake wala mkono wake. Bu Wuryani hakulifurahia hilo. Alijua mtu hufika mahali akakosa hata nguvu ya kulia, na wakifika hapo wengi hawarudi.

“Nipe lile swali la tangi na mabomba mawili,” Tinuk alisema.

Mwalimu alikuwa amelikwepa kusudi hilo. Nani amsimulie mtoto mwenye kiu habari za maji? Lakini mwenyewe alikuwa ameliomba. “Haya. Bomba la kwanza linajaza tangi kwa saa tatu, la pili kwa saa sita. Ukiyafungua yote mawili, litajaa kwa saa ngapi?”

“Saa tisa.”

“Tisa! Kwa hiyo kwenu mkiongeza bomba ndiyo tangi linachelewa kujaa? Mama yako anafulia nini, vumbi?”

Tinuk alicheka, kisha akakikatiza kicheko ghafla. Bu Wuryani naye akacheka, kifua kikamchoma kama kisu. Kwenye ufa akasikia mnong'ono.

“Unaongea na nani?”

“Najihesabia, Mwalimu.”

“Na hicho kinachogonga?”

“Mawe yanateremka. Tuendelee. Sijaelewa.”

Walirudia lile tangi, wakalirudia tena. Baridi ilikuwa imepanda kutoka miguuni hadi kiunoni, na usingizi ulikuwa mtamu, unamvuta taratibu kama mtu anayemfunika shuka. Angeufuata. Lakini kila alipoanza kuzama, jibu bovu kuliko lililotangulia lilipita kwenye ufa, naye akajikokota kurudi kulisahihisha. Angemwachia nani kichwa kigumu kama kile?

“Mwalimu! Umenyamaza.”

“Ninafikiri.”

“Usifikiri kimoyomoyo. Ulisema mwenyewe tuongee kwa sauti.”

“Tafuta… kigawe kidogo… cha tatu na sita.”

“Kumi na nane?”

“Kidogo, Tinuk. Kidogo kuliko vyote.”

Ndipo mwanga ukamchoma machoni, si kutoka kwenye ufa bali kutoka nyuma ya kichwa chake. Msumeno ulinguruma, vumbi likamwagika, mkono wenye glavu ukamshika bega.

“Tulia, Bu. Tulia, mama. Tumekufikia.”

“Si mimi!” Alimkwida yule mwanamume shati kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo. “Nyuma ya ukuta huu kuna mtoto. Mmeanzia wapi nyie? Mtoeni mtoto kwanza!”

Hawakumsikiliza. Waliinua boriti, wakamlaza kwenye machela, wakamtoa kupitia tundu walilochimba. Nje jua lilikuwa kali. Bu Wuryani alijirusha ili ashuke, wanaume wawili wakamshikilia.

“Mnamwacha! Yumo humo, ametoka kuongea nami sasa hivi. Mimi ndiye niliyembakiza, jamani, mimi!”

“Mtoto gani, Bu?” aliuliza aliyeshika machela upande wa kichwani. “Tangu jana humo ndani ulibaki peke yako.”

Wakaizungusha machela kwenye pembe ya kifusi. Kule juu, mkono mmoja ukiwa umefungwa bandeji nyeupe, gauni alilobadilishiwa limejaa vumbi, Tinuk alikuwa amelala kifudifudi na mdomo ameubandika kwenye ufa.

“Mwalimu,” alikuwa akiita kuelekea ndani, sauti ikimtetemeka, “nimekosea tena. Nielekeze.”