Unga wa Mlangoni

Mwaka ule wazee wa mji waliacha kupanga foleni ya unga wa msaada. Sasa waliletewa hadi mlangoni. Rehani alitumwa kukagua kama utaratibu mpya umewapunguzia taabu.

“Bibi, bado unatembea kufuata unga?” alimuuliza Bi Sikudhani.

“Sitembei tena.”

“Basi umepata nafuu.”

“Nafuu gani, mjukuu wangu? Kwenye foleni tulikuwa tunacheka, tunaulizana hali. Rafiki yangu Bi Mgeni kazikwa, nami nimeambiwa baada ya siku tisa. Huyo mleta unga anautua hapo, huyoo, kashaondoka.”

Rehani akaitazama fomu. Ndiyo au hapana, basi. Katika nyumba kumi na moja alikuwa ameandika maelezo pembeni, na mkuu wake akamrudishia fomu zote: maelezo hayajumlishwi. Akatia alama kwenye “ndiyo” kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, kisha akainuka.

“Huna maswali mengine?” bibi akauliza.

Maswali yalikuwa yamekwisha. Rehani akaigeuza fomu upande mweupe, akaketi tena.

“Ninayo, bibi. Mengi.”