Hendeli ya Bedford

Wewe ungeficha wapi chuma cha urefu wa mkono, na mwenye chuma chake yuko hapo hapo jikoni anakunywa uji? Jenista alikifukia ndani ya kihenge cha mahindi. Mahindi yakipungua, alikisukuma chini zaidi.

Ilikuwa hendeli ya kuwashia Bedford. Mumewe, Mbonile, alilinunua lori hilo kama chuma chakavu mwaka tisini na tano, likavutwa na ng'ombe hadi nyumbani Ihanda, likaegeshwa juu ya mteremko wa mibuni, tairi limekingwa kwa jiwe lisiteremke. "Jiwe hilo asiliguse mtu," aliwaonya wajukuu. Akaanza kulifufua kidogo kidogo kwa senti za kahawa. Gasketi za injini alizikata kwenye boksi la sabuni. Milango akaipaka rangi iliyobaki kanisani, viti akavishonea magunia. Betri hakuimudu.

"Ya nini? Hendeli ipo," alisema.

Jenista aliikumbuka ile miaka mumewe alipokuwa dereva wa malori ya watu. Alfajiri, krr, krr, hendeli inazungushwa, kisha mwanamume haonekani hadi Krismasi. Watoto wanne aliwazaa baba yao yuko safarini. Ndiyo maana lori lilipokamilika, hendeli ikapotea.

Mbonile hakufoka. Alichungulia uvunguni, akachungulia kwa kuku. "Labda panya," alisema. "Panya wa humu ndani wana nguvu, Mama Hezron."

Misimu miwili ya kahawa ikapita. Kila siku mzee analala chini ya lori, anakaza nati alizokwisha kuzikaza, anakohoa kwa ubaridi wa ardhi. Jirani yao Boazi hakosi neno akipita: "Shikamoo, mzee! Hilo ni gari au umejenga banda la kuku?"

Mbonile anacheka. Jenista, ungo wa maharage mapajani, anainamisha uso.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana, Jenista hakwenda kanisani. Angekishikaje kikombe kwa mikono ile? Alifukua kihenge, akampelekea mumewe hendeli kwa mikono miwili, punje za mahindi zikidondoka njia nzima.

"Baba Hezron, panya ni mimi. Nisamehe. Washa uende."

Mbonile aliitazama hendeli. Hakuipokea. Alisogea kwenye tairi, akalipiga jiwe teke, akapanda. Lori likateremka kimya kati ya mibuni. Akaingiza gia. Likashtuka, likakohoa moshi, likanguruma bila hendeli, bonde zima likasikia.

Kule chini akalizima. Akapanda mteremko kwa miguu, taratibu, akihema, hadi pale Jenista aliposimama na chuma chake mkononi.

"Mimi nilitaka uniambie nibaki," alisema.