Mto Usiojua Njano

Programu ilikuwepo imeshaandaliwa, ya kupakua na kubonyeza tu, lakini Kudra hakuitaka. Alitaka kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kwenye kompyuta chakavu ya duka lake la steshenari pale Kibiti.

Mdogo wake Miraji alimcheka. Alimuuliza mtu mwenye akili zake anatwangaje mpunga kwa kinu wakati mashine iko jirani. Kudra akamjibu kwamba raha ya programu huria ni hiyo: unaifungua, unaiona mpaka ndani, unaiweka utakavyo.

Ilimtesa. Mara ilidai faili asilo nalo, mara iligoma katikati na kumwaga makosa skrini nzima, mara umeme ulikatika akaanza upya. Mwishowe ikakubali, ikatulia kwenye mashine, ikaanza kazi.

Ilikuwa proksi, programu inayokaa katikati ya simu na intaneti. Simu inaomba ukurasa, proksi inakwenda kuuchukua, inaupunguza uzito, inauleta. Kudra aliijenga kwa ajili ya mtu mmoja tu, baba yake, mzee Mshamu, aliyelima mpunga bondeni kule Mohoro, ambako mtandao ni wa kubahatisha. Alimnunulia simu janja, akaielekeza kwenye proksi yake, akamfundisha kufungua ukurasa mmoja, ule wa kipimo cha mto, wa kutahadharisha mafuriko. Kijani, kaa. Njano, kaa macho. Nyekundu, hama.

Tangu mkewe afariki, Mshamu alikuwa akilala msimu mzima kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, akifukuza nguruwe na viboko wasimmalizie mpunga. Kudra naye, tangu aachike, aliishi peke yake chumba cha nyuma ya duka. Kila akimwomba baba yake aje walau wiki moja, jibu lilikuwa lilelile: Kibiti aende kufanya nini, kutazama mabasi?

Masika yalipoanza, simu ikaonyesha nyekundu. Mshamu akaja na basi, kuku kwapani, amelowa na amenuna. Kudra alimpikia wali wa nazi na kambare, akampisha kitanda chake. Kesho yake mzee alitengeneza bawaba ya mlango iliyokuwa ikining'inia na kulia, kisha akakaa barazani kuwakosoa waendesha bodaboda. Kudra alishindwa kuificha furaha yake, na nani angemlaumu? Maji hayakuja. Simu iliporudi kijani, mzee naye akarudi bondeni, akakuta nguruwe wamekula upande mzima wa shamba.

Ikaonyesha nyekundu tena, naye akaja tena. Safari hii walikula Idi pamoja, ya kwanza tangu mama yao azikwe. Maji hayakuja. Jirani wa Mshamu, Mtoro, mwenye simu ya kitochi isiyojua habari za intaneti, alibaki bondeni siku zote hizo, miguu mikavu, akilinda mpunga wake.

"Huo mto wenu wa kwenye simu una ajabu," Mshamu alimwambia binti yake huku akifunga begi. "Kijani, halafu nyekundu. Njano sijawahi kuiona."

"Mto hauna adabu siku hizi, baba. Ukiona nyekundu, wewe njoo."

"Nimekuja mara mbili, mama. Na nguruwe nao wamekuja mara mbili."

Mara ya tatu hakuja. Simu ilikuwa nyekundu tangu Ijumaa. Kudra alipiga kwanza kuuliza hali, kama kawaida. Jumapili, Miraji alipomwambia amesikia huko juu mto umefurika kweli, alipiga akilia. Mzee akamwambia apunguze woga, mpunga umeshainama, atavuna kwanza.

Mtoro hakusubiri kuambiwa. Alipoona maji yanapanda kwenye nguzo za dungu lake, aliingia mtumbwini, akapitia kwa jirani yake kumwita. Mshamu alimwinamishia simu kutoka juu ili naye aone.

"Nyekundu ileile ya tangu Ijumaa," alisema. "Tangulia, nakuja."

Walimpata chini kabisa ya mto, kwenye mikoko.

Siku ya hitima watu waliwalaani wenye ukurasa ule. Miraji alisema watu hao wamemuua baba yao kwa kupiga kelele za uongo hadi ya kweli ikakosa wa kuisikia. Aliapa kuwafikisha mbele ya sheria, na dada yake, ambaye ndiye mjuzi wa mambo haya, atatoa ushahidi. Akina mama wakamfariji Kudra kwamba yeye walau alitimiza wajibu wa mtoto. Kudra aliitikia kwa kichwa tu.

Alirudi dukani, akaufunga mlango, na bawaba haikulia. Akawasha kompyuta, akaufungua msimbo wa proksi, akaenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja alioupachika kwa mkono wake siku ile ya kujenga. Juu yake alikuwa ameacha maelezo, kama wafanyavyo waandishi wa programu ili wasije wakasahau walichokusudia:

*Njano ikipita kwenda simu ya baba, ifike nyekundu. Ili aje.*