Miezi Mitatu na Kete Nyeusi

"Namtupa tena," Madai alisema. "Mpige."

Kinyozi aliweka mkasi chini, akautazama ubao wa sataranji uliokuwa kati yao juu ya kigoda. Askari mweusi alikuwa amesimama mbele peke yake, hana wa kumtetea.

"Shemeji, huyu umemtoa sadaka. Na mfalme wako umemwacha kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo."

"Huko ndiko kushambulia."

"Huko ndiko kufa."

Madai alichekea puani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini kiwandani wote walimwita Madai kwa sababu ya ile karatasi: madai ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, aliyoyabandika mlangoni mwa ofisi miaka kumi na moja iliyopita. Kila mwaka aliinakili upya kwa mkono wake, na hakuna dai alilolifuta kabla halijatimizwa. "Mpiga husahau," alipenda kusema. "Mpigwa ndiye mwenye daftari."

Dai la kwanza lilikuwa viti. Wanawake wa meza ya kufungia sabuni walisimama tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, na mkewe, dada yake kinyozi, alikuwa mmoja wao. Akifika nyumbani alivua viatu kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda.

Mkurugenzi hakukataa viti. Watu wa aina yake hawakatai, wanakuchezea. Kila ilipofika siku ya kuadhimisha kufunguliwa kwa kiwanda, alifanya mambo mawili mbele ya wafanyakazi wote. Kwanza aliisoma ile karatasi na kukubali dai moja, lile la bei rahisi kuliko yote, ili apigiwe makofi. Mwaka juzi alikubali saa ya ukutani itiwe betri. Mwaka jana alikubali sabuni iwekwe chooni. Kiwanda cha sabuni, jamani! Pili, alicheza sataranji na mwakilishi wa wafanyakazi. Ukimshinda, viti vinakuja kesho yake.

Hakuwahi kushindwa. Na kete nyeupe, zile zinazoanza, alizishika yeye siku zote, kana kwamba rangi nayo ni mali ya kampuni. Siku zote alianza vilevile: askari wa mfalme, hatua mbili mbele, kisha akaegemea kiti kama mtu aliyekwisha kushiba.

Basi safari hii Madai alijiandaa kwa hatua ile moja tu. Alitafuta kijitabu cha sataranji kisicho na jalada, akayapima majibu yote ya mweusi.

"Kuna lile la kujikunja na kungoja," kinyozi alimkumbusha. "Salama."

"Tumejikunja miaka kumi na moja."

"La kumpitia ubavuni je?"

"Ubavuni hupita wezi. Mimi naingia mlango wa mbele, tena kwa teke."

"Mvumilivu hula mbivu, shemeji."

"Walishazila wenyewe. Yamebaki maganda."

Kwa miezi mitatu, kila alipotoka kazini, Madai alikaa upande wa nyeusi na kinyozi upande wa nyeupe. Kinyozi alikatazwa kuanza kwa hatua nyingine yoyote. Siku moja alithubutu kuanza na farasi. Madai alimnunia mpaka Jumatatu. Wateja walikaa wakisubiri, vichwa vimenyolewa nusu. Ilipofika mwezi wa tatu, Madai alikuwa akimmaliza shemejiye kwa hatua kumi na nne huku akitazama dirishani.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe aliketi kunakili karatasi. Mkewe, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, alimsomea ile ya zamani mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akasita.

"We mwanamume, na hili bado unaliandika? Si ulilitia kwa hasira tu, ule mwaka wa kwanza?"

"Dai halifutwi mpaka litimizwe."

"Miguu yangu haitapona kwa hili."

"Ni suala la haki, mama."

Akashusha pumzi, akamsomea. Madai akaandika, na chini yake akapiga mstari mara mbili.

Kesho yake wafanyakazi waliizunguka meza. Ubao ulikwisha kupangwa, nyeupe upande wa Mkurugenzi. Madai aliketi mbele ya nyeusi zake kama mtu aliyerudi kwao. Mstari wa mbele walisimama wanawake wa meza ya kufungia; mkewe aliegemea mguu huu, kisha ule.

Mkurugenzi alivaa miwani, akaikunjua karatasi.

"Viti," akasoma, akatabasamu. "Hivyo tutavichezea muda si mrefu. Feni... tutaangalia bajeti. Glavu... bajeti." Kidole kiliteremka mstari baada ya mstari, kikasimama chini kabisa.

Alivua miwani.

"Ndugu zangu, hili nimelipuuza miaka kumi na moja, na ni aibu, maana halina gharama hata kidogo. Nasoma: 'Mkurugenzi aache kushika kete nyeupe kila mwaka.' Aliyeliandika alikuwa na haki. Nimelikubali, kuanzia leo."

Kiwanda kizima kikalipuka kwa makofi. Mkurugenzi akaushika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza polepole, bila kuangusha hata askari mmoja.

"Haya, Bwana Madai," alisema. "Anza."